Kichanga akishikwa na homa siku ya nne: ulizeni homa ya mama, na ubongo upigwe picha mapema

Radiografa_wa_Ngara

Wanajamvi, salaam. Uzi huu ni mrefu. Mwenye kichanga nyumbani, mwenye mke mjamzito, na wenzangu mnaofanya kazi wodi za wazazi, naomba msome hadi chini.

Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya mwili: eksirei, ultrasaundi, skani ya CT na MRI. Nina miaka 14 katika kazi hii, yote hapa Nairobi. Wengi wanaonijia ni watu wazima wenye migongo mibovu na majeruhi wa bodaboda. Vichanga ni wachache, na kila nikiletewa mmoja namkumbuka yule wa wakati wa mlipuko wa chikungunya Mombasa, ule ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu.

Mlipuko ule ulianza mwishoni mwa 2017 ukaingia 2018. Chikungunya ilipiga mji, watu wakawa wanashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya magoti. Huku bara tuliisikia tu kwenye taarifa ya habari. Mama mmoja wa mimba ya miezi 9 aliondoka Mombasa kwa treni ili ajifungulie kwa dada yake Nairobi. Njiani akashikwa na homa, mwili ukawa unamvunjika. Kesho yake uchungu ukaanza. Mtoto akazaliwa salama, akalia papo hapo, akanyonya, siku ya pili wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Siku ya nne mtoto akakataa ziwa. Mwili moto, viganja na nyayo vimevimba, akiguswa tu analia. Usiku akashikwa na degedege. Wakamkimbiza hospitali, akaanzishiwa dawa za bakteria, na hapo simlaumu mtu. Bakteria wakiingia kwenye damu ya kichanga humuua kwa saa chache, kwa hiyo lazima dawa iingie kwanza. Lakini hakuna aliyemgeukia mama akamuuliza, "Na wewe, ulikuwa na homa?" Kwenye faili ikaandikwa kwamba mtoto alichelewa kulia. Mama alikataa hadi machozi yakamtoka, maana kilio kile cha kwanza alikisikia kwa masikio yake. Faili haikubadilishwa.

Aliletwa kwangu akiwa na siku 13. Nikapiga MRI, daktari wa picha akaisoma, ikaonekana karibu safi. Familia ikamshukuru Mungu. Miezi 3 baadaye wakarudi kwa sababu mtoto hajakaza shingo. Nikapiga tena. Sehemu ya mbele ya ubongo, kulia na kushoto, ilikuwa na matundu. Damu ya mama ilipopimwa ikakutwa na kingamwili za chikungunya, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza ukishaambukizwa.

Picha zote mbili nilizipiga mimi, kwa mashine ile ile. Mara ya kwanza mashine haikukosea. Tulichelewa. Tangu hapo nikaanza kusoma kila nilichoweza kupata.

Waliotufumbua macho ni watu wa kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Mwaka 2005 na 2006 chikungunya iliambukiza zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake. Madaktari wa huko wakafuatilia wanawake zaidi ya 7,500 waliojifungua wakati ule. Wanawake 39 walikuwa na virusi kwenye damu saa ya kujifungua, na watoto 19 wakaambukizwa. Karibu nusu. Upasuaji haukumkinga mtoto. Na hawa watoto 19, wote walizaliwa wakiwa wazima kwa kuwatazama. Homa, maumivu na uvimbe vilikuja baadaye, kati ya siku ya 3 na ya 7. Kumi walizidiwa sana, 9 kati yao kwa sababu ya ubongo. Hao 9 wote MRI ilionyesha ubongo umevimba, na 2 walikuwa na damu ndani ya ubongo. Wanne wakabaki na ulemavu.

Siku ya nne. Wakati huo mama ameshatoka hospitali, wageni wanaingia na kutoka, uji wa pilipili manga uko jikoni, na kila mtu anaamini hatari imepita.

Sasa kuhusu picha yenyewe, kwa nini siku ni muhimu. MRI hutumia sumaku, haina mionzi. Ina namna moja ya kupiga inayoitwa difyusheni, ambayo hufuatilia mwendo wa maji ndani ya ubongo. Fikirini vijia vya soko la Gikomba. Asubuhi kabla vibanda havijafunguliwa, unapita popote. Wenye vibanda wakimwaga bidhaa nje, kijia kinabana na watu wanakwama. Seli za ubongo zikiumia huvimba hivyo hivyo, vijia kati yao vinafungwa, maji yanakwama. Kwenye difyusheni mahali hapo hung'aa. Kwa chikungunya kinachong'aa ni sehemu nyeupe ya ubongo, zile nyaya zinazopeleka habari, hasa kuzunguka vyumba vya maji na mbele kwenye paji, pamoja na daraja linaloshika nusu mbili za ubongo. Ukiiona mara moja hutaisahau.

Lakini mng'ao ule haukai. Baada ya siku 7 hadi 10 hivi seli zilizokufa zinaanza kupasuka, maji yanapata njia tena, na picha inarudi kuwa kama ya kawaida. Haimaanishi mtoto amepona. Ni vibanda vimebomolewa. Picha za aina nyingine hazisaidii sana wiki hizo, kwa sababu ubongo wa kichanga umejaa maji kiasili na jeraha linajificha ndani yake. Wiki kadhaa baadaye ndipo matundu yanajitokeza. Mtoto yule wa siku 13 alikuja katikati ya kipindi hicho cha udanganyifu.

Ninachoomba ni hiki. Kichanga wa siku 3 hadi 7 akija na homa, analia akiguswa, hanyonyi, pamoja na dawa zote anazopewa, mama yake aulizwe kama alikuwa na homa siku chache kabla ya kujifungua au siku yenyewe, na kama ametoka mahali penye mlipuko. Akijibu ndiyo, damu ya wote wawili ichukuliwe ipimwe virusi, na kama mtoto ana dalili za ubongo MRI ipigwe wiki hiyo hiyo, isingoje miadi ya mwezi ujao.

Nesi_wa_Usiku

Radiografa, nimesoma huku nimeshika kichwa. Mimi ni nesi wa wodi ya vichanga, zamu zangu nyingi ni za usiku. Mtoto wa siku 4 hadi 5 mwenye homa tunampokea karibu kila zamu. Nina fomu ya kumpokea mbele yangu hivi sasa. Ina sehemu ya chupa kupasuka mapema, ina uchungu uliochukua muda mrefu, ina maji ya uzazi kunuka. Homa ya mama ipo, lakini inauliza homa "wakati wa uchungu" tu. Safari haimo kabisa.

Nina maswali mawili. Kwanza, Nairobi iko juu, kuna baridi, mbu huyo yupo huku kweli? Pili, mama mwenye chikungunya aendelee kunyonyesha?

Radiografa_wa_Ngara

Dada Nesi, asante kwa kuitazama fomu. Ongeza mstari mmoja kwa kalamu kwanza, mengine yatafuata.

Mbu ni *Aedes aegypti*, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Nairobi yupo, anazaa kwenye matairi, ndoo na mitungi ya maji. Mlipuko mkubwa kama wa Pwani hatujaupata huku, lakini mgonjwa hahitaji kuumwa Nairobi. Kutoka kuumwa hadi homa ni siku 3 hadi 7 kwa kawaida. Basi la usiku kutoka Mombasa linafika alfajiri, kwa hiyo mtu anaweza kuumwa na mbu Likoni, homa ikamkuta Kayole. Pia msisahau Mandera, ilipata mlipuko wake mwaka 2016, na watu wa Mandera wana jamaa Eastleigh.

Kunyonyesha aendelee. Hakuna ushahidi thabiti kwamba mtoto huambukizwa kwa ziwa. Kinachomwambukiza ni damu ya mama wakati wa kuzaliwa, virusi vikiwa vingi. Mama aliyeugua mapema kwenye mimba akapona, kwa kawaida mtoto wake anazaliwa amekingwa na kingamwili za mama. Hatari kubwa iko kwenye zile siku chache za mwisho.

Mwana_wa_Mkomani

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Lamu, sasa niko South C. Umetaja Mombasa na Réunion, lakini ndugu yangu, kisa hiki kilianzia kwetu mwaka 2004.

Nilikuwa kijana wa sekondari. Ilikuwa kiangazi kikali, maji ya shida, kila nyumba imejaza mapipa na madebe na hakuna aliyethubutu kuyamwaga ili ayasafishe. Zamani nyanya yangu akiweka visamaki ndani ya birika la choo wale viluwiluwi vya mbu, lakini pipa la plastiki nani ataliwekea samaki? Ugonjwa ulipoingia uliingia kila mlango. Msikitini watu wakaswali wamekaa. Wabeba mizigo wa gatini walilala, punda wakawa wanazurura na mashogi matupu. Baadaye watafiti walipopima damu wakakuta robo tatu ya watu wa mji walikuwa wameambukizwa. Robo tatu! Kutoka kwetu ukaenda Mombasa, mwaka uliofuata ukafika Ngazija huko Komoro, kisha Réunion.

Hivyo nikisoma hesabu ya watoto 19 wa Réunion nawaza wana wetu. Mji mzima uliugua, na kina mama walijifungua wiki zile zile. Nani aliwapiga picha? Lamu hapakuwa na mashine hiyo. Mamangu mdogo alizaa Agosti ya mwaka ule. Mwana wake alishikwa na degedege kabla hata ya arubaini. Walisema ni dege amempitia juu, akafukizwa, akasomewa. Ni kijana sasa, anatembea kwa kuburuta mguu, maneno yake ni machache. Siwezi kusema ilikuwa chikungunya. Nasema hatukuulizwa.

Radiografa_wa_Ngara

Mwana wa Mkomani, waalaykum salaam. Nimeisoma mara tatu. Umesema jambo ambalo mimi nimelizunguka bila kulifikia. Ugonjwa ulipita kwetu kwanza, na elimu ya vichwa vya watoto ikapatikana ulipofika penye mashine na watu wa kuhesabu. Tulitoa mgonjwa, hatukutoa swali.

Mpe salamu mamako mdogo.

Mjukuu_wa_Mmakonde

Niongeze kidogo. Hata jina ni la huku. Chikungunya ni neno la Kimakonde, maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Ugonjwa uliandikwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, uwanda wa Wamakonde. Babu yangu alitoka upande huo akaja Kwale kwenye mashamba ya mkonge. Alikuwa akiitaja kama vile mtu anavyotaja mafua. Kwa wazee wetu ulikuwa ugonjwa wa kukunja wakubwa. Habari ya vichanga sikuwahi kuisikia kwake.

Baba_Pacha_Mukuru

Mambo mazuri haya, lakini niseme ukweli wa mtaani. Mimi naishi Mukuru. MRI ni maelfu ya shilingi, na mtoto wa siku 5 bado hata hajaandikishwa kwenye bima. Ukiniambia wiki hiyo hiyo, unaniambia niuze nini? Na nasikia mtoto lazima alazwe usingizi kwa dawa. Mke wangu hawezi kukubali.

Radiografa_wa_Ngara

Baba Pacha, ni swali la haki, nitalijibu polepole.

Nianze na dawa ya usingizi, kwa sababu inawaogopesha wengi bila sababu. Mtu mzima anaambiwa atulie. Kichanga tunamtuliza kwa ziwa. Mtoto analetwa na njaa kidogo, ananyonya pale pale kituoni hadi ashibe, tunamfunga kanga mbili barabara kama anavyofungwa mgongoni, tunamziba masikio maana mashine ina kelele, tunapunguza taa. Dakika 10 tu amelala. Wengi wa umri huo hawahitaji dawa yoyote. Mimi hutumia kanga za mama mwenyewe, zenye harufu yake. Ajabu ya kazi hii ni kwamba mashine ya mamilioni inategemea mtoto kushiba.

Gharama sasa. Kabla ya MRI kuna ultrasaundi, na ultrasaundi ya kichwa cha kichanga hupitia utosini. Mfupa hauruhusu mawimbi yale kupita, lakini utosi bado uko wazi, ni dirisha Mungu aliloliacha. Wazee wetu walilisoma kwa kidole. Umebonyea, mtoto amekaukiwa. Umetuna, kuna jambo ndani. Sisi tunaweka kifaa pale pale. Mtoto anabaki kitandani au ndani ya inkubeta, haina mionzi, bei yake ni sehemu ndogo sana ya MRI, na inaweza kurudiwa kila wiki. Inaonyesha damu iliyovuja, vyumba vya maji vilivyopanuka, baadaye inaonyesha hata matundu.

Isichoonyesha vizuri ni ule mng'ao wa siku za mwanzo. Hapa naomba msikilize sana, kwa sababu nimeona familia zikirudishwa nyumbani kwa karatasi ya ultrasaundi iliyo safi. Safi ya ultrasaundi siku ya 5 maana yake ni kwamba hakuna damu na hakuna maji mengi. Haimaanishi kwamba sehemu nyeupe ya ubongo ni salama. Kama fedha ya MRI haipo wiki ile, ultrasaundi irudiwe baada ya wiki 3 au 4, kisha irudiwe tena kabla utosi haujafunga, na daktari aandike kwa nini. Mkipata fedha ya MRI moja tu na wiki ya kwanza imeshapita, msikimbilie siku ya 13 kama tulivyofanya sisi. Muulizeni daktari kama inafaa kungoja hadi jeraha lijitokeze.

Watu huniuliza skani ya CT, kwa sababu iko katika hospitali nyingi zaidi na ni ya haraka. CT ni mionzi, na ubongo wa kichanga hatuupigi mionzi bila sababu nzito. Kwa chikungunya haionyeshi unachokitafuta mapema. Lakini kuna ugonjwa ambao CT huuonyesha vizuri, nao ni Zika, uliotoka kwa jirani zetu Uganda. Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kwa nyani aliyewekwa pale kwa ajili ya utafiti, vikakaa miaka mingi bila kelele. Mwaka 2015 Brazili ikaanza kupata watoto wenye vichwa vidogo, hasa kaskazini mashariki, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura.

Zika huenda njia tofauti na chikungunya. Humkuta mtoto tumboni, ubongo ukiwa bado unajengwa. Kwenye CT unaona madoa meupe ya chokaa yamejipanga pale tabaka la nje la ubongo linapokutana na sehemu nyeupe, mikunjo ya ubongo ni michache au haipo, vyumba vya maji ni vikubwa, na ngozi ya kisogo imejikunja kwa sababu fuvu limesinyaa ndani yake. Chikungunya inayoambukizwa wakati wa kuzaliwa inaharibu nyumba iliyokwisha kujengwa. Ndiyo maana kichwa cha mtoto wa chikungunya kinakuwa cha kawaida siku ya kuzaliwa, kisha kinaweza kuacha kukua inavyotakiwa.

Kwa hiyo Baba Pacha, kifaa cha bei rahisi kuliko vyote ni utepe wa fundi cherehani. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kipimwe siku ya kuzaliwa na kila kliniki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wa sentimita 31.9 kwa mvulana na 31.5 kwa msichana. Lakini namba moja peke yake haitoshi, mstari wa kwenye kijitabu cha kliniki ndio unaosema. Ukianza kulala wakati unapaswa kupanda, msingoje.

Daktari_Watoto_Kikuyu

Nimefuatilia uzi huu, ni mzuri, ila niweke sawa jambo moja. Picha ya difyusheni uliyoielezea, Radiografa, si ya chikungunya peke yake. Virusi vingine, kwa mfano parekovirusi, huacha alama inayofanana nayo sana kwa kichanga. Kwa hiyo MRI isipewe kazi ya kutaja jina la virusi. Jina litoke maabara, kwa PCR (kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe) ya damu au maji ya uti wa mgongo, katika wiki ya kwanza ya ugonjwa. Baada ya hapo unategemea kingamwili.

Lakini picha ina kazi nyingine ambayo haikutajwa vya kutosha. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, yule ambaye kweli alichelewa kulia, jeraha lake kwa kawaida hukaa mahali pengine. Huwa kwenye viini vya kati ya ubongo, au kwenye mipaka ambako mishipa miwili ya damu inakutana. Picha iliyopigwa mapema ingeweza kumtetea yule mama wako dhidi ya kile kilichoandikwa kwenye faili. Akina mama wengi hubebeshwa lawama kwamba hawakusukuma vizuri.

Na kwa manesi: tazameni chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwenye kipimo cha damu. Kwa chikungunya ya kichanga mara nyingi hushuka. Siku zinazofuata ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi, hasa puani. India wameiona sana hiyo pua. Ukiona pua imekuwa nyeusi kuliko uso, rudi umuulize mama kuhusu homa hata kama ulishamuuliza.

Radiografa_wa_Ngara

Asante daktari, nimekubali sahihisho. Na hilo la kumtetea mama limenigusa, kwa sababu kila nikiwaza kisa kile naona uso wake, sioni picha.

Nesi_wa_Usiku

Nimeandika mstari kwenye fomu kwa kalamu nyekundu: "Homa ya mama siku 7 kabla ya kuzaa hadi leo? Ametoka wapi?" Nesi mkuu ameuona asubuhi, hajaufuta.

MamaImani_Kayole

Habari zenu. Sijawahi kuandika hapa, nasoma tu. Nimeandika hii mara nne nikafuta.

Mwanangu alizaliwa Mombasa Januari 2018. Nilikuwa na homa na viungo vilikuwa vimeshikana, nilishindwa hata kushika kikombe. Nilijifungua siku ya tatu ya homa. Wiki ya kwanza alikuwa mgonjwa, alilazwa siku 9, sikuambiwa ni nini zaidi ya kwamba ana bakteria. Alipona. Alitembea akiwa na mwaka 1 na miezi 9. Sasa yuko gredi ya 2. Hawezi kukaa kitini, neno moja analirudia, kuandika hawezi, akikasirika hatulii. Mwalimu anasema nimemdekeza. Mama mkwe anasema ni mimi nilifanya kazi hadi siku ya mwisho. Sijawahi kupigiwa mtoto picha ya kichwa. Swali langu: nimechelewa?

Radiografa_wa_Ngara

Mama Imani, asante kwa kutoifuta mara ya tano.

Mimi sipo kwenye nafasi ya kukuambia mtoto wako ana nini, na kwa maandishi hakuna anayeweza. Ninachoweza kukuambia ni kile kilichoonekana kwingine. Watoto wa Réunion walioambukizwa wakati wa kuzaliwa walipimwa tena wakikaribia miaka 2. Karibu nusu yao walikuwa nyuma katika ukuaji wao, wakati kwa watoto wasioambukizwa ilikuwa takriban 15 kwa kila 100. Waliokuwa nyuma walipungukiwa zaidi kwenye lugha, kuchangamana na watu na mwendo wa mikono na mwili. MRI za wale walioathirika ubongo zilionyesha sehemu nyeupe ya ubongo imepungua, zaidi upande wa mbele. Sehemu ya mbele ndiyo inayomwezesha mtoto kungoja zamu yake, kukaa kitini na kushika kalamu akifikiria herufi inayofuata. Si kudekezwa. Wala si kufanya kazi hadi siku ya mwisho. Homa yako ililetwa na mbu.

Kuchelewa kwa mng'ao ndiyo, ulishapita zamani. Kwa kovu hujachelewa, kovu likiwepo bado linaonekana. Damu yake leo haitasema aliambukizwa siku gani, hivyo ushahidi wako ni historia yako: tarehe ya homa, tarehe ya kujifungua, siku 9 za wodini. Ziandike zote kwenye karatasi moja. Ila picha isitangulie. Kwanza kliniki ya ukuaji wa mtoto katika hospitali ya rufaa, apimwe masikio, lugha na mikono. Mazoezi ya kuongea na ya mikono yanaweza kuanza hata picha ikiwa haijapigwa, na hayo ndiyo yatakayombadilishia siku zake shuleni. Daktari akiagiza MRI, mlete.

Daktari_Watoto_Kikuyu

Naunga mkono kila neno. Mama Imani, nimekuandikia kwa faragha siku za kliniki. Omba pia barua ya kumpelekea mwalimu.

MamaImani_Kayole

Nimelia lakini si vibaya. Nimekipata kijitabu chake cha kliniki, kina vipimo vya kichwa hadi miezi 9. Jambo moja la mwisho kuhusu MRI ikiagizwa. Ana hirizi kiunoni, nyanya yake wa Pwani alimfunga alipotoka wodini na hajawahi kuifungua. Nyanya atakuja naye. Itakuwa shida?

Radiografa_wa_Ngara

Hirizi nyingine zina sindano au kipande cha chuma ndani, na sumaku ile hukivuta kwa nguvu, kwa hiyo lazima itoke. Vivyo hivyo pini, vifungo vya chuma, na wanja wa machoni, maana ukiwa na chembe za chuma huchafua picha yote ya mbele, pale pale tunapotaka kutazama. Mwambieni nyanya mapema, asiambiwe mlangoni. Aifungue yeye mwenyewe kwa mkono wake na aishike. Kati ya chumba cha mashine na pale ninapokaa kuna dirisha la kioo, nitamwekea kiti pembeni yangu amwone mjukuu wake muda wote, na tukimaliza atamfunga tena yeye mwenyewe.